Mwamba Mgumu Hautishi: Maswali Yenu Kuhusu Tuneli za Majitaka

Barua zote tulizochagua mwezi huu zinahusu jambo moja, kupitisha majitaka ndani ya mwamba. Tutasema tuneli, maana ukisema handaki wengi huwaza mtaro ulio wazi.

Kila mvua za Machi zikianza, chemba za mtaa wetu hufoka hadi barabarani. Kwa nini jiji lisichimbe tuneli moja kubwa likamaliza kazi? (Msomaji, Umoja)

Fungueni chemba kwanza. Chemba inayofoka siku ya mvua huwa na sababu mbili kubwa. Ama maji ya mapaa na ya uani yameunganishwa kwenye bomba la majitaka, ama bomba dogo la mtaa limezibwa na mafuta ya kupikia, matambara na mchanga. Tuneli iliyo mita 30 chini haiwezi kuponya bomba la inchi 6 lililoziba juu yake.

Tuneli ina mahali pake. Majitaka hutembea kwa mteremko, na Nairobi imeinama kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndiyo maana mabomba makuu hufuata mabonde ya mito ya Nairobi, Mathare na Ngong, na sehemu kubwa ya majitaka huishia kwenye mabwawa ya mtambo wa Dandora, ambao kwa kweli uko Ruai. Bondeni ni rahisi kuchimba, lakini huko bomba huishi na taabu za mto: mafuriko huingia kwenye chemba, kingo humomonyoka hadi bomba likabaki linaning'inia, na watu hujenga juu yake. Tuneli huanza kuwa na maana pale kigongo kinapotenganisha mabonde mawili, au pale mtaro ungelazimika kwenda chini zaidi ya mita 7 au 8 katikati ya barabara na majengo. Njia nyingine ni pampu, nayo hula stima kila siku. Stima ikipotea, pampu hulala na majitaka huingia mtoni.

Wengine mmeitaja tuneli ya Murang'a. Ile ya kilomita 11.8 inapeleka maji ya mito kwenye bwawa la Ndakaini. Ni maji ya kunywa, na hesabu zake ni tofauti.

Nimekata mawe ya Ndarugo miaka mingi. Chini ya Nairobi ni mwamba huo huo? Na mhandisi anajuaje kilicho mita 40 chini? (Msomaji, Juja)

Jiwe la Ndarugo ni tufi, yaani majivu ya volkano yaliyoshikana. Ndiyo sababu msumeno unalipita. Chini ya jiji kuna tufi pia, kama zile za bonde la Kerichwa, lakini zimepangana na lava ngumu: trakaiti na fonolaiti. Fonolaiti ukiigonga kwa nyundo inalia, na jina lake kwa Kigiriki lina maana hiyo hiyo, jiwe la sauti. Inamaliza biti za drili, lakini tuneli ikiwa ndani yake kwa kina cha kutosha, paa hujishikilia lenyewe kwa msaada mdogo.

Hatari iko baina ya tabaka na tabaka. Lava moja ilipoa, ikakaa juani na mvuani muda mrefu ikawa udongo, kisha lava nyingine ikaufunika. Kwa hiyo chini ya jabali unaweza kukuta ghafla mfinyanzi mwekundu na kokoto, tena vimejaa maji. Wachimba visima hufurahi wakifika hapo. Mchimba tuneli hapendi hata kidogo, hasa tabaka hilo likikatiza paa lake kwa mshazari, kwa sababu atakuwa nalo juu ya kichwa kwa mita nyingi.

Hujulikana kwa kutoboa na kutoa kiini cha mwamba, yaani mche mrefu wa jiwe: kila mita 50 hadi 100 karibu na mashimo ya kushukia, mbali zaidi kwingineko, na kwenda chini ya sakafu ya tuneli kwa angalau mara mbili ya kipenyo chake. Vipande vya kiini vyenye urefu wa sentimita 10 au zaidi hujumlishwa na kugawanywa kwa urefu uliotobolewa. Ukitoboa mita 1.5 na vipande hivyo vikafika mita 1.05, umepata asilimia 70, mwamba wa kuridhisha. Chini ya 25, jiandae kwa kazi. Maji nayo hupimwa kwa kusukuma maji ndani ya tundu lililozibwa pande mbili na kuona mwamba unakunywa lita ngapi kwa dakika.

Ukikabidhiwa masanduku ya kiini, usivutiwe na yale marefu yanayong'aa. Uliza juu ya mita ambazo hazikutoa kitu. Kiini kilichopotea ni udongo laini uliosombwa na maji ya drili, na ndio utakaokuangukia. Kipimo kingine hakihitaji maabara: weka kipande cha tufi kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Kikigeuka tope asubuhi, sakafu ya tuneli yako itageuka tope chini ya magurudumu, na inabidi izibwe kwa zege jembamba siku ile ile inapofunguliwa.

Hata hivyo matundu ya juu hayatoshi. Wakati wa kuchimba, matundu ya kupeleleza hutobolewa mbele ya uso wa tuneli (ukuta wa mwamba unaochimbwa), mita 20 hadi 25, na mapya huanza kabla ya mita 5 za mwisho za yale ya zamani. Mtu wa drili ndiye mpelelezi mkuu hapo: fimbo ikikimbia ghafla, au maji yanayorudi yakibadilika kutoka kijivu kuwa mekundu, asimame na kusema.

Nasomea ujenzi. Naomba mnieleze duru moja ya kuchimba kwa baruti, pamoja na vipimo. (Mwanafunzi, South B)

Duru ni mzunguko mmoja wa kutoboa, kulipua, kuzoa vifusi na kushikilia mwamba. Tuchukue tuneli ya umbo la mlango wa tao: upana mita 3, kuta mita 1.8, paa nusu duara. Eneo la uso wake ni karibu mita 9 za mraba.

Mpimaji huanza kwa kuweka mstari wa leza na kuchora matundu usoni kwa rangi. Kwa uso huu ni matundu 40 hadi 45 ya milimita 45, kina mita 2.5. Katikati kuna matundu mawili au matatu mapana zaidi, ya milimita 89 au 102, ambayo hayatiwi baruti. Hayo ndiyo siri ya duru nzima. Mwamba ukilipuliwa huvimba, na usipoupa nafasi ya kuvimbia haung'oki. Matundu yanayozunguka yale matupu hulipuka kwanza na kufungua tundu la katikati. Yanayofuata huelekeza mwamba humo. Kisha kuta, paa, na mwisho kabisa matundu ya sakafuni, ambayo huinua rundo na kulilegeza ili lichoteke. Kila kundi hucheleweshwa kwa ditoneta (viwashio vya baruti) zenye namba za muda. Matundu ya katikati yakitobolewa yakiwa yamepinda na kukutana ndani, duru nzima hushindwa: badala ya mita 2.3 unapata mita moja na uso uliochongoka vibaya.

Matundu ya pembezoni hukaribiana, kila sentimita 50 hadi 60, na hutiwa baruti kidogo. Tena huelekezwa nje kidogo, ili duru ijayo drili ipate nafasi ya kusimama. Hapa ndipo fedha hupotea. Mwamba ukivunjika sentimita 10 zaidi kwenye kuta na paa, kila mita ya tuneli itadai zege la ziada la karibu mita 0.8 za ujazo. Kwa kilomita moja ni zaidi ya mita 800 za ujazo ambazo hakuna mtu atakulipa.

Baruti yote ya duru hii ni kilo 45 hadi 60 hivi. Kwa Kenya, kuitunza na kuilipua ni kazi ya mwenye kibali chini ya Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Msimamizi asiye na kibali hana ruhusa hata akiwa mhandisi.

Baada ya mlipuko hakuna anayerudi hadi feni isafishe hewa, si chini ya nusu saa, na bomba la hewa liwe limefika mita 15 hadi 20 kutoka usoni. Moshi wa kahawia una oksidi za nitrojeni. Kaboni monoksidi haionekani wala hainuki, kwa hiyo anayetangulia ashike kipima gesi. Rundo la mawe hurushiwa maji, kwa ajili ya vumbi na kwa ajili ya gesi iliyonaswa ndani.

Kisha mawe yaliyolegea huangushwa kwa mtaimbo, ukianzia palipo salama na kusonga mbele, kamwe usianzie usoni. Wakati huo huo tafuta baruti isiyolipuka. Vitako vya matundu ya zamani, yaani ncha zilizobaki mwambani baada ya mlipuko, huachwa kama vilivyo, maana huenda vina baruti hiyo: kutoboa upya ndani ya kitako cha zamani kumeua watu wengi katika kazi hii.

Vifusi: mita 9 za mraba kwa mita 2.3 ni karibu mita 21 za ujazo za mwamba mzima, tani 50 na ushee. Zikishavunjika hujaza mita 33 hivi. Malori matatu ya tani 18 yatatosha kwa uzito, lakini angalia pia ujazo wa bodi zake.

Mwisho ni kushikilia. Mwamba mzuri hutaka vyuma vya milimita 20 hadi 25, urefu wa mita 2 hivi, vilivyozamishwa kwa uji wa saruji pale tu panapohitajika. Mwamba uliopasukapasuka hutaka zege la kunyunyizia la milimita 50 hadi 100 lenye nyuzi za chuma, na vyuma kila mita 1.2 hadi 1.5. Kwenye mfinyanzi ule mwekundu punguza duru iwe mita 1 au chini yake, nyunyiza zege kabla hata ya kumaliza kuzoa vifusi, na weka matao ya chuma. Kosa la kawaida ni kuendelea na duru ya mita 2.5 kwa sababu jana ilikwenda vizuri.

Duru nzima huchukua saa 10 hadi 12. Mbili kwa siku ni mita 4.6, na kilomita moja kutoka uso mmoja ni siku 220 hivi za kazi mambo yakinyooka.

Nina ghorofa la mawe na kisima cha mita 200. Wakilipua chini yangu, nyumba itapasuka? Kisima kitakauka? (Mwenye nyumba, Roysambu)

Nyumba haijali jumla ya baruti. Inajali kiasi kinacholipuka kwa nukta moja. Kwa makadirio ya kawaida, ukiwa mita 30 kutoka usoni, kilo 2 kwa mpigo hutoa mtikisiko wa karibu milimita 9 kwa sekunde. Kilo 8 kwa mpigo hutoa kama 26. Mikataba mingi huweka mpaka kati ya 5 na 20 kwa nyumba za kuishi, kutegemea aina ya nyumba na aina ya mtikisiko. Mtu huuhisi hata kabla ya kufika milimita 1, ndiyo maana vikombe vikilia kabatini watu huamini ukuta umeshaharibika. Mkandarasi aanze na milipuko midogo ya majaribio, aweke kipima mtikisiko kwenye msingi wako, si juu ya zulia la sebuleni, na akuonyeshe karatasi ya vipimo.

Kabla ya kazi kuanza, nyufa zote zipigwe picha zenye tarehe, na kando ya kila ufa iwekwe rula. Ninyi wawili mtie sahihi. Bila picha hizo fidia hugeuka ubishi, hasa kwa nyumba zilizo juu ya udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Udongo huo hupasua kuta bila msaada wa baruti.

Kuhusu kisima, swali lako ni zito kuliko la kwanza. Tuneli isiyozibwa ni mfereji wa kukausha ardhi. Oslo walijifunza hivyo kwa hasara: maji yalivuja kwenye tuneli, mfinyanzi wa juu ukanywea, majengo yakazama. Dawa ni kusukuma uji wa saruji mwambani kabla ya kulipua, kupitia matundu ya mita 20 yaliyotandazwa kama mwavuli kuizunguka tuneli. Kuziba baada ya kuchimba hugharimu mara kadhaa zaidi, na mara nyingi maji huhamia tu mita 5 mbele. Kisima chako kikichota mita 150 chini, penye tabaka jingine, kinaweza kisiguswe kabisa. Cha mita 40 kipimwe kina cha maji kila wiki, kuanzia miezi kadhaa kabla.

Kisima chako kiandikishwe pia. Nairobi ina visima vingi visivyo kwenye ramani yoyote, na drili ya tuneli ikikutana na kimojawapo, maji na matope hushuka yote kwa pamoja. Kinyume chake kipo pia: mchimba visima wa miaka ijayo atakayetoboa paa la tuneli ya majitaka na kuyaunganisha na maji yenu ya kunywa.

Kwa nini wasilete ile mashine kubwa ya kuchimba? (Msomaji, Kikuyu)

Kwa masafa marefu huletwa. Chicago ilianza mwaka 1975 na kufikia 2006 ilikuwa na kilomita 175 hivi za tuneli kubwa za majitaka na maji ya mvua kwenye mwamba wa chokaa. Huo ni mwamba unaofanana mwendo mrefu. Mashine hupenda kufanana.

Kwetu sahani za kukatia zilizo mbele ya mashine zinaweza kuwa juu kwenye fonolaiti na chini kwenye mfinyanzi. Upande wa mfinyanzi sahani haipati cha kuikamata ili izunguke. Inaburutwa, inalika upande mmoja, na mashine hupiga magoti kuelekea palipo laini. Kubadilisha sahani mahali hapo ni kazi ya siku, watu wakiwa wamebanwa mbele. Ongeza muda wa kuiagiza na kuiunganisha, na kwa tuneli ya kilomita 1 au 2 baruti hushinda. Kwa vipande vifupi chini ya barabara au reli, kusukuma mabomba kwa jeki nyuma ya mashine ndogo ni bora, mradi ujue mwamba kabla. Mashine ya bomba la mita 1 ikikwama, mtu haingii mbele kuitengeneza. Unachimba shimo kutoka juu kuifuata.

Nasimamia zege. Michoro inataka plastiki juu lakini sakafuni hakuna. Ni kosa? (Fundi, Embakasi)

Si kosa. Majitaka yanayokaa bila hewa hutoa haidrojeni salfaidi. Gesi hupanda, bakteria kwenye unyevu wa paa huigeuza kuwa asidi ya salfuriki, na asidi hula zege kutoka juu, joto huharakisha. Sakafu iliyo chini ya maji muda wote haipati hewa ya kufanyia kazi hiyo. Ndiyo maana karatasi ya plastiki, yenye meno yanayozama kwenye zege, hufunika paa na kuta hadi chini ya kiwango cha mtiririko mdogo kabisa. Ukingo wa chini huachwa wazi pia ili maji ya mwamba yapate pa kutokea. Yakifungiwa nyuma ya plastiki huibandua. Kila kiungo kilichochomelewa kipimwe kwa kipima cheche cha volti 15,000 hadi 20,000. Tundu la sindano litaonekana, na tundu la sindano linatosha kuliharibu zege nyuma yake.

Baada ya zege kukauka, daima hubaki pengo jembamba kileleni. Lijazwe uji wa saruji kwa shinikizo dogo, bar 1 au 2, la sivyo utaikunja plastiki uliyoilinda.

Na usimamie mteremko kwa wivu. Tuneli ya kipenyo cha mita 2 yenye mteremko wa 1 kwa 1,000 hupitisha karibu mita 4.8 za ujazo kwa sekunde ikijaa, kwa mwendo wa mita 1.5. Lakini miaka ya mwanzo, maji yakiwa sentimita 20 tu, mwendo hushuka hadi mita 0.6 na mchanga huanza kulala. Mfereji mdogo uliofinyangwa sakafuni husaidia. Sakafu ikikosewa kwa milimita 20 umekula mteremko wa mita 20 nzima, na hapo patakuwa na dimbwi linalochacha gesi maisha yote ya tuneli.

Tunaitwa kuzibua mabomba makuu. Harufu ikipotea ndio salama kushuka? (Msomaji, Kariobangi)

Hapana. Haidrojeni salfaidi, gesi tuliyoitaja juu, ikifika kama sehemu 100 kwa milioni huua uwezo wa pua kunusa. Kupotea kwa harufu ghafla ni dalili ya kukimbia.

Fungueni chemba ya juu na ya chini ya ile mnayoingia, sukumeni hewa kwa feni, kisha teremsha kipima gesi kwa kamba: juu, katikati, chini kabisa. Oksijeni isiwe chini ya asilimia 19.5, haidrojeni salfaidi isifike 10 kwa milioni, methani isizidi asilimia 0.5 ya hewa. Kipima kibaki kifuani mwa anayeshuka, kwa sababu kukoroga tope hutoa gesi ambayo haikuwepo dakika moja kabla. Avae mkanda wa mwili mzima uliofungwa kwenye winchi ya miguu mitatu, na mtu wa juu asiondoke hata kwenda kununua chai. Mwenzenu akianguka, mvuteni kwa winchi. Asishuke mtu bila mtungi wa hewa, hata kama ni ndugu yake.